Profesa Grzimek na Mwanawe Michael

Mtu akisafiri kutoka kwetu Tunduma hadi Arusha, akipita Mbeya, Iringa na Dodoma, kisha akaendelea mpaka juu ya ukingo wa Ngorongoro, ataona kando ya barabara kaburi lililojengwa kwa mawe yaliyopangwa kwa umbo la piramidi. Magari ya watalii hupita hapo mchana kutwa. Wengine husimama, wengi hawasimami, maana macho yao yako chini kwenye bonde, wanatafuta faru. Nilipofika hapo na wenzangu tuliuliza wazungu hao ni nani, nasi tukajibiwa kwa kifupi kwamba ni baba na mwana waliopiga picha za sinema. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Basi nimeona vema tuwasimulie maisha ya baba huyo, Profesa Bernhard Grzimek, kwa kuwa hakuna mgeni aliyeifanya nchi yetu ijulikane kwa wanyama wake kuliko yeye.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse. Wakati ule mji huo ulikuwa wa Ujerumani, na sasa uko katika nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mwanasheria, akafariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Kijana Bernhard alipenda wanyama tangu utotoni. Alisomea udaktari wa mifugo, na mwaka wa 1932 akapata shahada ya udaktari. Msomaji asidhani kwamba alianza na simba na tembo. La, alianza na kuku! Uchunguzi wake wa shahada ulihusu mishipa ya damu ya kuku wa nyumbani, na kwa miaka kadhaa alikuwa mtumishi wa serikali mjini Berlin, akishughulika na mayai na magonjwa ya kuku.

Hiyo serikali aliyoitumikia ilikuwa ya Hitler. Hapa hatuna budi kusema mambo yote, mazuri na mabaya. Daftari za chama cha Nazi zinaonyesha kwamba aliingia chama hicho mwaka wa 1937, ingawa baada ya vita alikana. Kwa upande mwingine, habari zake husimulia kwamba aliwapelekea chakula Wayahudi waliokuwa wamefichwa Berlin, na kwamba mapema mwaka wa 1945 polisi wa siri walipekua nyumba yake, akaukimbia mji. Mambo yote mawili yako katika maisha ya mtu mmoja, wala sisi hatuwezi kulifuta mojawapo.

Vita vilipokwisha alijikuta Frankfurt, mji uliokuwa magofu. Bustani ya wanyama ya mji huo ilipigwa mabomu mwaka wa 1944, na karibu wanyama wote walikufa. Wakubwa wa mji hawakuwa na haraka ya kuijenga tena, maana watu wenyewe walikuwa hawana nyumba wala mkate. Grzimek akakabidhiwa bustani hiyo Mei 1945, na kufika Julai ilikuwa imefunguliwa. Wanyama walikuwa wachache mno, basi akaleta sarakasi, bembea za watoto, michezo ya kuigiza na dansi, watu wakaja, wakalipa kiingilio, na fedha hiyo ikanunua majani na nyama. Alikaa katika kazi hiyo mpaka mwaka wa 1974. Huo ulikuwa ndio ufundi wake mkuu, nao tutauona tena mbele: alijua jinsi ya kuwavuta watu waje kutazama, na walipokwisha kuja, alijua jinsi ya kuwaomba fedha.

Bustani ilihitaji wanyama, na wanyama walikuwa Afrika. Mwaka wa 1951 alifika Ivory Coast, kisha akaenda Kongo, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya Wabelgiji. Mwaka wa 1954 alirudi Frankfurt na okapi, yule mnyama wa misitu ya Ituri afananaye na twiga mwenye shingo fupi. Huyo alikuwa okapi wa kwanza kuonekana Ujerumani. Lakini katika safari hizo macho yake yalianza kufunguka. Alikwenda kuwakamata wanyama ili awaonyeshe watu, akakuta kwamba porini kwenyewe wanapungua. Akaandika kitabu akieleza kwamba wanyama wa porini wanakosa mahali pa kukaa.

Hapo ndipo anaingia mwanawe Michael. Alizaliwa Aprili 1934, akapenda kamera tangu ujana, hata akaanzisha kampuni ya filamu ambayo aliipa jina linalotokana na okapi. Michael ndiye aliyesema, kitabu husomwa na wachache, lakini sinema hutazamwa na wote. Baba na mwana wakarudi Kongo, wakapiga picha, na mwaka wa 1956 filamu yao ikatoka, yenye jina lilelile la kitabu. Ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Berlin, ikaonyeshwa katika nchi nyingi, na fedha zikaingia.

Sasa, wapendwa, angalieni walivyofanya na fedha hizo. Wangeweza kujenga nyumba nzuri. Badala yake walikwenda kwa wakuu wa mbuga za wanyama za Tanganyika, wakasema wanataka kununua ardhi ili iongezwe katika Serengeti. Wakati ule serikali ya Kiingereza ilikuwa ikifikiri kubadili mipaka ya mbuga hiyo, ambayo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka wa 1951. Upande wa mashariki, pamoja na Ngorongoro, ungetolewa, kwa sababu Wamasai walikuwa wakichunga ng'ombe zao humo. Mkuu wa mbuga, Peter Molloy, aliwapa shauri jingine. Aliwaambia kwamba fedha zao zingefaa zaidi kama zingetumika kuwahesabu wanyama na kujua wanahamia wapi, kwa maana mipaka ilikuwa ikichorwa na watu wasiojua nyumbu yuko wapi mwezi wa Januari na yuko wapi mwezi wa Julai.

Ili kuhesabu, ilitakiwa ndege. Baba na mwana wote wawili wakajifunza urubani, na baba alikuwa karibu na umri wa miaka hamsini! Walinunua ndege ndogo aina ya Dornier, iwezayo kuruka polepole na kutua mahali pafupi. Wakaipaka milia ya punda milia, mwili mzima mpaka mabawa. Herufi za usajili wake zilikuwa D-ENTE, na neno Ente kwa Kijerumani ni bata. Basi bata huyo mwenye milia aliondoka Frankfurt Desemba 1957, akaruka kiasi cha kilomita 10,000 hadi Afrika ya Mashariki.

Kazi ya kuhesabu ilifanyika mapema mwaka wa 1958. Waliigawa nchi katika sehemu, wakaruka juu ya kila sehemu kwa mistari iliyoandamana, kama mkulima apandavyo mahindi yake mstari kwa mstari, wengine wakihesabu upande wa kushoto na wengine upande wa kulia. Mtu aliyewahi kuhesabu mbuzi wakitoka zizini atajua ugumu wake. Sasa afikirie kundi la nyumbu elfu kumi wakikimbia, naye yumo katika ndege inayotikisika kwa joto la mchana. Hesabu yao ilifika zaidi ya wanyama 366,000 wakubwa. Swala walikuwa wengi kupita wote, karibu laki mbili, na nyumbu hawakutimia laki moja. Vilevile waliwakamata wanyama kadhaa, wakawavika mikanda ya rangi shingoni, ili wakionekana tena mbali ijulikane ni wale wale.

Wataalamu waliofuata walipiga picha kutoka angani, wakahesabu taratibu mezani, wakaona kwamba nyumbu walikuwa zaidi ya laki mbili. Kwa hiyo hesabu ya akina Grzimek ilikuwa pungufu, na pungufu sana. Hata hivyo jambo kuu waliliona sawasawa. Mipaka mipya iliyopendekezwa haikufuata njia za wanyama. Makundi yalikuwa yakikaa miezi mingi nje ya mistari ile ya kwenye ramani.

Niongeze jambo moja linalotugusa sisi wa huku. Wazee wanaijua sotoka. Iliingia Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka kusini ikiua ng'ombe na nyati kila ilipopita, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali za kikoloni zilijenga uzio katika ukanda huu wetu, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ili ugonjwa usivuke kwenda Rhodesia na kwingineko. Huko Serengeti sotoka ndiyo iliyokuwa ikiwaua ndama wa nyumbu mwaka hata mwaka. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka miongoni mwa nyumbu baada ya mwaka wa 1963, na kufika 1977 nyumbu walikuwa zaidi ya milioni moja. Watu wengi husema sinema ndiyo iliyowaokoa. Mimi nasema sindano ya ng'ombe nayo ipewe heshima yake, na yule mchanjaji asiyejulikana jina, aliyetembea kutoka boma hadi boma.

Turudi kwa ndege. Mwaka wa 1959 ulipoanza kazi ilikuwa haijakwisha. Picha nyingi za sinema zilikuwa zimekwisha kupigwa, nyingine bado. Tarehe 10 Januari, Michael alikuwa akirusha ndege peke yake, baba yake hakuwamo. Angani tumbusi mmoja, ndege mkubwa mla mizoga, aligonga bawa la kulia. Bawa likapindika, waya wa kuongozea ukakwama, na bata mwenye milia akaanguka chini. Michael alikufa papo hapo. Umri wake ulikuwa miaka 24. Aliacha mjane, Erika.

Walimzika juu ya ukingo wa Ngorongoro, mahali ambapo mtu husimama na kuona bonde lote na ziwa lake la magadi. Hakuwa na miaka mingi ya kuhesabiwa. Alikuwa na filamu moja iliyotoka na nyingine iliyokuwa haijakatwa wala kuunganishwa.

Nimefikiri sana juu ya miezi iliyofuata. Baba alirudi Frankfurt na makasha ya filamu. Kuitengeneza sinema ni kukaa gizani na kutazama picha zilezile mara mia, na katika picha hizo mwanawe yu hai, anacheka, anaiwasha ndege, anamshika punda milia. Wapo wazazi katika parokia zetu waliowazika watoto wao, nao wanajua jinsi ilivyo vigumu hata kulitazama shati lililobaki ukutani. Grzimek aliitazama picha ya mwanawe kila siku mpaka kazi ikaisha. Kijana mwingine, Alan Root, mpiga picha aliyekulia Kenya, alisaidia kupiga picha zilizobaki, naye baadaye akawa bingwa wa sinema za wanyama hadi alipofariki mwaka wa 2017.

Filamu ilitoka mwaka huohuo wa 1959. Jina lake kwa lugha yetu tungesema Serengeti Isife. Kitabu chenye jina hilo kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mwezi wa Aprili 1960 filamu ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani, kuwa filamu bora ya kumbukumbu. Baba aliipata tuzo hiyo, na mwana alikuwa kaburini mwaka mmoja na miezi mitatu.

Tangu Oktoba 1956 Grzimek alikuwa pia na kipindi chake cha televisheni, nacho kiliendelea mpaka mwaka wa 1987, vipindi 175 kwa jumla. Alikaa mezani amevaa tai na koti, akazungumza kwa sauti ya upole na ya kuchosha kidogo, na juu ya meza yuko mnyama aliyetoka bustanini. Pengine ni duma, pengine ni nyani anayemvuta nywele, naye anaendelea kuzungumza kana kwamba hakuna kitu. Mwishoni huja habari ya mchango. Mamilioni ya Wajerumani walimtazama. Huku kwetu Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka wa 1994, kwa hiyo bibi wa Frankfurt aliijua Serengeti kwa macho miaka mingi kabla ya bibi wa Vwawa.

Yako masimulizi moja juu ya kipindi hicho ambayo hunichekesha, ingawa sijui kama mwalimu wa maadili angeyapitisha. Siku moja alitangaza kwamba sasa mtu aweza kununua safari ya ndege kuja Afrika ya Mashariki kuwatazama wanyama kwa bei ya kiasi. Safari hizo hazikuwapo kabisa! Lakini kesho yake watu walifurika katika ofisi za mawakala wa safari wakizidai, na mawakala wakalazimika kuzitengeneza. Alitaka serikali mpya za Afrika zione kwamba mnyama hai huleta fedha za kigeni. Tanganyika ilipokuwa karibu kupata uhuru, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitoa tamko huko Arusha la kuwahifadhi wanyama wa porini, akieleza pia kwamba kazi hiyo yahitaji wataalamu na fedha kutoka nje. Grzimek alikuwa mmoja wa watu walioitika. Shirika la Frankfurt aliloliongoza kwa zaidi ya miaka arobaini lingali likifanya kazi Serengeti hata leo, na kwa jina la Michael ilijengwa maabara ya uchunguzi ndani ya mbuga.

Lakini liko jambo ambalo mimi siwezi kulipita. Katika filamu ile na katika kitabu chake, Mmasai anaonekana kama mgeni katika nchi yake. Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na mtu yeyote, mweusi wala mweupe, na kwamba ng'ombe huharibu malisho ya wanyama. Mwaka wa 1959 mipaka ikabadilishwa. Serengeti ikawa ya wanyama peke yao, na Wamasai waliokuwamo wakahamishiwa Ngorongoro, ambako sheria iliwaruhusu kukaa pamoja na wanyama. Grzimek hakuufurahia mgawanyo huo, kwa kuwa aliona nchi ya wanyama imekatwa. Wazee wachache wa Kimasai walikuwa wametia sahihi mapatano. Kama waliyafahamu yote waliyoyatilia sahihi, hilo ni swali ambalo wajukuu wao wanaliuliza mpaka leo, hasa tangu mwaka wa 2022, familia zilipoanza kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni. Nyumbu hawa aliowakuta Grzimek walikuwa wamechunga pamoja na ng'ombe wa Wamasai kwa vizazi. Mtu aliyewaona wanyama vizuri namna ile kutoka angani angeweza kushuka akaketi zaidi na wachungaji wa ng'ombe chini ya mti. Sinema yake inawaonyesha watu hao kwa mbali, nao hawakuulizwa kama wamekubali kuwa picha.

Nyumbani kwake pia hapakuwa shwari. Ndoa yake na Hildegard, waliyofunga mwaka wa 1930, ilivunjika mwaka wa 1973, na mwaka wa 1978 alimwoa Erika, mjane wa Michael, mkwe wake mwenyewe. Watu walisema mengi. Hatutaongeza yetu.

Kazi haikupungua. Alipiga kelele juu ya kuku wanaofugwa katika vizimba vidogo vya waya, akirudi kwa kuku wake wa zamani. Alipiga kelele juu ya makoti ya ngozi za chui, hata wanawake wa Ujerumani wakaona haya kuyavaa. Alikuwa mshauri wa serikali yake juu ya hifadhi ya mazingira, akajiuzulu mwaka wa 1973 kwa kuona kwamba hasikilizwi. Na kati ya mwaka wa 1966 na 1969 yeye na wenzake walifanya jambo ambalo wengi waliliona kichekesho. Waliwachukua sokwe mtu 17 waliokuwa wamefungwa katika bustani za wanyama za Ulaya, wakawaleta kwa meli mpaka Afrika, wakawaachia huru katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Viktoria. Sokwe hao walikuwa wamezoea kulishwa na watu. Wengine wakorofi waliwashambulia wanadamu, lakini wengi walijifunza upya kutafuta matunda na kujenga viota mitini. Wazao wao wako msituni humo hadi leo. Mtu aliyeanza kwa kuwatoa wanyama Afrika ili kuwaweka vizimbani alifika mahali akawatoa vizimbani na kuwarudisha.

Tarehe 13 Machi 1987, akiwa na umri wa miaka 77, aliwapeleka watoto kutazama sarakasi mjini Frankfurt. Wakati simbamarara wakionyesha michezo yao, aliinama kitini pake akafa. Mwili wake ulichomwa kwa desturi ya huko, na majivu yakaletwa Tanzania. Yalizikwa Ngorongoro chini ya mawe yaleyale, karibu na Michael, aliyekuwa amelala hapo peke yake kwa miaka 28.